Mizani mara tatu: kupima pikapu na trela la safari kabla ya kushika barabara

Kwa miaka tisa naendesha malori huku Marekani, na sijawahi kutoka na mzigo mzito bila kupanda mizani. Sheria ya barabara kuu iko wazi: lori zima lisizidi pauni 80,000, na kila jozi ya ekseli, yaani mihimili ya magurudumu, isizidi 34,000. Anayezidisha hulipa faini. Lakini kiangazi tulichonunua trela la safari, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, niliwafunga mke wangu na watoto watatu mikanda, nikaunganisha trela kwenye pikapu, nikaondoka bila kupima chochote. Muuzaji alikuwa ameniambia pikapu yangu inavuta pauni 9,000 na trela lina pauni 5,400. Nikatoa, nikaona nafasi imebaki tele.

Kwenye barabara kuu ya I-80 jimboni Iowa, kabla hatujafika Des Moines, lori lilitupita kwa kasi na upepo wake ukatusukuma pembeni. Nilipojaribu kurudi katikati ya njia, usukani ulikuwa mwepesi mno, kama tairi za mbele hazijakanyaga lami. Trela likaanza kuyumba, kulia, kushoto, kulia tena. Mtoto wa kati akaniuliza, "Baba, mbona nyumba inacheza?" Sikumjibu. Niliachia mafuta taratibu, sikugusa breki ya miguu, nikabana kwa mkono swichi ya breki za trela iliyo chini ya dashibodi mpaka likatulia. Tulitoka barabarani kwenye mlango wa kwanza tuliouona, na safari ile iliishia hapo.

Lori la tajiri nalipima kila siku. Watoto wangu sikuwapima. Tangu siku hiyo kila Mswahili mwenzangu anayenipigia simu kuniambia amenunua trela namwambia jambo moja: usinitajie kilichoandikwa kwenye karatasi ya mauzo, nenda mizani. Huu ndio utaratibu ninaowapa.

Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jingine

Tuliokulia Afrika Mashariki tunamjua punda wa mkokoteni. Anavuta mzigo ambao ukimpandisha mgongoni miguu itakunja. Pikapu ni hivyo hivyo. Ile namba ya pauni 9,000 ni ya kuvuta. Namba inayoisha mapema, karibu kila mara, ni ya kubeba, na watu wengi hawajui kwamba trela nalo hubebwa. Sehemu ya uzito wake hukaa juu ya ule mpira wa chuma ulio nyuma ya gari, trela linapounganishwa. Mimi nauita uzito wa shingo, kwa sababu unashuka kupitia ile shingo ya pembetatu iliyo mbele ya trela, yenye mitungi ya gesi na betri.

Uzito wa shingo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela lote. Ukiwa chini ya hapo, trela linakuwa na mkia mzito na litayumba kwa upepo mdogo tu. Ukizidi, nyuma ya pikapu inazama na mbele inanyanyuka, na tairi za mbele ndizo zinazokata kona na kufanya kazi kubwa ya kufunga breki. Kwa hiyo hakuna kuukimbia: trela la pauni 7,000 litakukalia mgongoni kwa pauni 700 hadi 1,050, na hizo zinatoka kwenye fungu lile lile unalopakia watu, mizigo na mbwa.

Namba za kuvuta zinazotangazwa na watengenezaji nazo zina masharti yake. Kipimo wanachokifuata wengi, kiitwacho SAE J2807, kinakadiria watu wawili ndani ya gari, kila mmoja pauni 150. Familia yetu ya watu watano haimo katika hesabu hiyo.

Anza na vibandiko, ukiwa bado nyumbani

Chukua kalamu na daftari. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo. Kuna kibandiko chenye rangi ya njano na nyeupe kinachosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Changu kinasema pauni 1,560. Kibandiko hiki ni cha gari hilo hilo lililo mbele yako, pamoja na viti vyake vya ngozi na paa lake la kioo. Pikapu ya jirani yenye jina lile lile inaweza kutofautiana na yako kwa mamia ya pauni, kwa hiyo usiazime namba ya mtu.

Karibu yake kuna kibandiko kingine chenye herufi. GVWR ni kikomo cha gari lenyewe likiwa na kila kilichomo na kinacholielemea; yangu ni 7,050. GAWR ni kikomo cha kila ekseli. Mbele 3,750, nyuma 4,050. Kuna kikomo cha tatu, GCWR, yaani gari na trela kwa pamoja. Hicho mara nyingi hakipo mlangoni, utakikuta kwenye kitabu cha gari. Changu ni 14,500.

Nenda kwenye trela. Nje, upande wa kushoto karibu na mbele, kuna kibandiko chenye GVWR ya trela, kikomo cha kila ekseli, saizi ya tairi na upepo wake. Langu ni 7,000, na ekseli mbili za 3,500 kila moja. Kibandiko kingine kinataja mzigo unaoruhusiwa na kukuonya kwamba matangi ya maji yakijaa yanakula pauni kadhaa za mzigo huo huo. Ule uzito wa 5,400 alionitajia muuzaji ni wa trela lilivyotoka kiwandani, halina hata kijiko. Betri ambayo muuzaji huifunga baadaye mara nyingi haimo.

Mwisho, piga magoti nyuma ya pikapu usome kibandiko kwenye lile boksi la chuma unapochomekwa mkono wa kiungio. Watu wengi hawafiki hapa, na hapa ndipo nilipokuwa nimekosea vibaya. Changu kina mistari miwili. Bila kiungio cha kugawa uzito: trela pauni 5,000, shingo 500. Ukiwa na kiungio cha kugawa uzito: trela 11,000, shingo 1,100. Mimi nilikuwa nimefunga mpira wa kawaida tu, na muuzaji hakusema neno.

Kiungio cha kugawa uzito ni kile chenye vyuma viwili virefu vya springi vinavyotoka kwenye mpira kwenda chini ya shingo ya trela. Vikikazwa, vinainua ile sehemu ya katikati iliyozama, na uzito unasambaa: sehemu inarudi kwenye tairi za mbele za pikapu, sehemu inakwenda kwenye tairi za trela. Uzito haupotei popote, unahama tu. Niliponunua hicho kiungio ndipo nikaenda mizani.

Pakia kama unasafiri kweli

Kupima trela tupu hakuna maana. Pakia kila kitu, na wote mnaosafiri muingie garini siku ya kupima. Jaza tangi la mafuta. Weka maji kama unavyoyabeba njiani.

Maji ndiyo mzigo unaosahaulika kuliko yote. Galoni moja ina pauni 8.34, kwa hiyo tangi la galoni 40 ni pauni 334. Mtungi wa gesi wa pauni 20 ukijaa unafika kama pauni 37, kwa sababu chuma chenyewe kina 17. Katoni moja ya maji ya chupa 24 ni karibu pauni 27, na sisi tulibeba nne. Halafu kuna vyakula vyetu. Mke wangu hawezi kwenda kambini wiki mbili bila gunia la mchele la pauni 50, unga, na sufuria la pilau, na simlaumu, nami nakula. Lakini vipimwe.

Wakati unapakia, angalia kitu kiko wapi. Mzigo ulio mbele ya ekseli za trela unaongeza uzito wa shingo. Ulio nyuma yake unaupunguza. Baiskeli nne kwenye kibebeo cha bampa ya nyuma zinaweza kukunyang'anya zaidi ya pauni 100 za shingo, na trela lililokuwa limetulia likaanza kutikisa mkia. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, na visiweze kusogea.

Wapi pa kupimia

Marekani na Kanada mizani rahisi kupata ni ya CAT Scale, iliyopo kwenye vituo vya malori zaidi ya 2,000. Makao yake yako Walcott, Iowa, kwenye I-80, palepale kilipo kituo cha Iowa 80, na kwa kuwa tunakaa jirani huko ndiko nilikopimia. Bei haifiki dola 20 kwa mara ya kwanza, na kurudia mahali palepale ndani ya saa 24 ni bei ndogo zaidi. Mizani ya serikali ya kando ya barabara ni ya malori. Katika majimbo mengi trela la familia halilazimiki kuingia humo, na ndiyo maana unaweza kuendesha umezidisha miaka mingi bila mtu kukuuliza.

Nenda asubuhi katikati ya wiki, siyo Ijumaa jioni. Madereva wanaosubiri nyuma yako wanalipwa kwa maili, na kila dakika unayokaa juu ya mizani bila kazi ni hela yao. Ukifika umejiandaa, hutachukua dakika tatu kila mara. Na ukiona foleni ni ndefu, waache wapite.

Mizani yenyewe ni mabamba matatu ya chuma yaliyofuatana, na kila bamba linapima peke yake. Ingia polepole, katikati. Tairi za mbele za pikapu zikae bamba la kwanza, za nyuma bamba la pili, za trela zote bamba la tatu. Shuka, au mtume mtu mzima mmoja atazame, kuhakikisha hakuna tairi iliyokanyaga mpaka wa mabamba mawili. Kama aliyeshuka ni msafiri, arudi ndani kabla hujapima. Kisha bonyeza kitufe cha kuongea kilicho kwenye nguzo, au tumia programu yao ya Weigh My Truck kwenye simu, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu huna haja ya kupiga kelele dirishani. Ukiulizwa jina la kampuni, sema ni gari binafsi. Namba zitakuja kwa hatua za pauni 20.

Pima mara tatu

Mara moja haitoshi. Kipimo kimoja kinakuambia kama umezidi, lakini hakikuambii uzito wa shingo wala kama kiungio chako kinafanya kazi.

Mara ya kwanza panda ukiwa umeunganisha kila kitu kama ulivyo barabarani, vyuma vya springi vimekazwa.

Ondoka kwenye mizani, egesha pembeni pasipo na magari. Sasa utalegeza vyuma vya springi, na hapa nakuomba uwe makini sana. Vyuma hivi vimebeba nguvu kubwa, na mtu aliyevifungua kwa pupa anaweza kuvunjika mkono. Shingo ikiwa bado imefungwa kwenye mpira, inua kwa jeki ya trela mpaka nyuma ya pikapu ipande inchi kadhaa. Utaona vyuma vinalegea vyenyewe. Simama pembeni, siyo mbele ya mkono wa kufungulia, uvitoe na uviweke nyuma ya pikapu. Shusha jeki. Nyuma ya pikapu itazama mbele ya macho yako. Rudi mizani taratibu, pima mara ya pili.

Kisha egesha trela mahali panaporuhusiwa, uliza kwanza ndani ya kituo. Weka kabari kwenye tairi za trela pande zote mbili kabla hujafungua kitu chochote. Chomoa, pima pikapu peke yake, watu wote wakiwa ndani, kiungio kikiwa bado nyuma, mafuta yale yale. Hiyo ndiyo mara ya tatu.

Hizi ndizo namba nilizoondoka nazo Walcott, kwa pauni:

Kwanza, vyuma vimekazwa: mbele 3,220, nyuma 3,740, trela 6,020. Jumla 12,980.
Pili, bila vyuma: mbele 2,980, nyuma 4,140, trela 5,860. Jumla 12,980.
Tatu, pikapu peke yake: mbele 3,360, nyuma 2,900. Jumla 6,260.

Kwanza angalia kama jumla ya kipimo cha kwanza na cha pili zinalingana. Zikitofautiana kwa zaidi ya pauni 20 au 40, tairi fulani ilikuwa kwenye mpaka wa mabamba, au mtu alishuka.

Hesabu

Uzito wa trela ni jumla yote toa pikapu: 12,980 toa 6,260, unapata 6,720. Kumbuka niliambiwa 5,400. Pauni 1,320 ni maji, gesi, betri, vyakula na nguo, na hakuna hata kimoja nilichokiona ni kizito wakati nakipakia.

Uzito wa shingo unautoa kwenye kipimo cha pili. Mbele na nyuma ya pikapu, 2,980 jumlisha 4,140, ni 7,120. Toa uzito wa pikapu peke yake, 6,260. Inabaki 860. Gawa kwa 6,720, ni karibu asilimia 13. Uwiano ni mzuri.

Lakini kipimo hicho cha pili ndivyo nilivyokuwa nimesafiri siku ile, bila kiungio cha kugawa uzito. Kitazame tena. Pikapu ilibeba 7,120 na kikomo chake ni 7,050. Ekseli ya nyuma 4,140, kikomo 4,050. Shingo 860 kwenye boksi linaloruhusu 500. Na ekseli ya mbele, ambayo pikapu ikiwa peke yake ina 3,360, ilibaki na 2,980. Pauni 380 zimenyanyuliwa kutoka kwenye tairi zinazoshika usukani. Nilikaa kwenye kiti cha pikapu na ile risiti mkononi nikaelewa kwa nini usukani ulikuwa mwepesi.

Sasa kipimo cha kwanza, vyuma vimekazwa. Mbele imerudishiwa 240 kati ya zile 380. Nyuma imeshuka hadi 3,740. Trela limepokea 160 zaidi. Kitabu cha gari lako kitakuambia mbele irudishiwe kiasi gani. Nusu ni kiasi ambacho wengi hukilenga, lakini fuata kitabu chako. Usikaze mpaka mbele iwe nzito kuliko ilivyokuwa bila trela, kwa sababu utakuwa umeinyang'anya ekseli ya nyuma uzito wake, na nyuma nyepesi inateleza kwenye mvua.

Kwa vyuma kukazwa, pikapu imekuwa na 6,960, chini ya kikomo kwa pauni 90. Wapo watakaokuambia basi imetosha. Mimi siafiki. Uzito wa shingo mimi nauhesabu wote, 860, dhidi ya uwezo wa kubeba, na msaada wa vyuma nauchukulia kama akiba. Pikapu tupu ni 7,050 toa 1,560, yaani 5,490. Ikiwa na sisi na mizigo ni 6,260, tumeshatumia 770. Zimebaki 790. Shingo ni 860. Nimezidi kwa 70.

Kurekebisha

Uliyezidi kidogo usikimbilie kununua gari jingine. Tafuta kwanza kitu kizito kilicho mahali pabaya. Tangi letu la maji liko chini ya kitanda cha mbele, mbele ya ekseli, na lilikuwa limejaa galoni 40. Tulilala kambi ya jirani, nikalimwaga lote, kesho yake asubuhi nikarudi kupima kabla saa 24 hazijaisha. Trela likawa 6,380, shingo 740, asilimia 11.6. Pikapu hata bila vyuma ikawa 7,000. Maji tunajaza tukifika. Kambi nyingi zina bomba. Ukifanya hivi, pima kweli baada ya kumwaga, usikisie, kwa sababu kwenye matrela mengine tangi liko nyuma ya ekseli, na ukilimwaga shingo inaongezeka badala ya kupungua.

Kitu kingine kinachosaidia ni kuhamisha mizigo ya nyuma ya pikapu kuiweka ndani ya trela juu ya ekseli. Pauni 100 zilizo kwenye pikapu ni pauni 100 za uwezo wa kubeba, zikiwa juu ya ekseli za trela karibu hazigusi shingo. Ila trela nalo lina kikomo chake. Na kama shingo imekuwa nyepesi, chini ya asilimia 10, ondoa vitu nyuma kabla ya kuongeza mbele.

Ukishatoa kila kisicho cha lazima na bado ekseli ya nyuma au shingo imezidi, gari hilo na trela hilo haviendani. Springi za nyongeza na mifuko ya hewa huinua nyuma ionekane sawa, lakini kibandiko cha mlangoni hakibadiliki. Nimeshawaambia watu wawili maneno haya na najua yanauma, hasa mtu akiwa ameshasaini mkopo.

Tairi

Gawa uzito wa ekseli za trela kwa idadi ya tairi. Kwangu, katika kipimo cha kwanza, 6,020 kwa tairi nne ni 1,505 kila moja. Tairi zangu ni ST205/75R15 za daraja C, ambazo hubeba 1,820 kila moja zikiwa na upepo wa psi 50. Upepo ukipungua, uwezo nao unapungua. Jaza asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha trela. Soma pia kasi inayoruhusiwa. Baadhi ya tairi za trela zimetengenezwa kwa maili 65 kwa saa, na pikapu itakuvutia 75 bila kulalamika. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3521 ni wiki ya 35 ya 2021. Tairi za trela huzeeka zikiwa zimesimama, hata zikionekana mpya.

Mizani ya malori haikuambii upande wa kushoto na wa kulia. Kama jiko, friji na ule ukuta unaosukumwa nje kupanua chumba viko upande mmoja, tairi za upande huo zinaweza kuwa zimelemewa wakati wastani ni mzuri. Kuna mahali panapopima kila tairi peke yake, kama chama cha wenye matrela cha Escapees kule Livingston, Texas. Usipopata, usikaribie kikomo cha tairi, acha akiba.

Nyumbani au safarini, bila mizani ya malori

Shingo unaweza kuipima nyumbani kwa mizani ya bafuni. Egesha trela pasawa, kabari kwenye tairi, pikapu ikiwa imechomolewa. Chukua ubao imara, mfano mbao nene ya inchi 4 kwa 4. Upande mmoja uweke juu ya tofali lenye kimo sawa na mizani, upande wa pili juu ya mizani, na kati ya tofali na mizani pawe na futi tatu kamili. Weka kipande cha bomba chini ya ubao kila upande ili zile futi tatu ziwe za uhakika. Shusha shingo ikae juu ya ubao, futi moja kutoka kwenye tofali, futi mbili kutoka kwenye mizani. Soma, zidisha kwa tatu. Shingo ya 740 itasoma kama 247. Kumbuka kuondoa uzito wa ubao, soma mizani kabla hujashusha shingo.

Na kwa kukagua haraka kila unapounganisha, beba futi ya kupimia. Pima kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi ulio juu ya tairi la mbele, pikapu ikiwa peke yake. Kwangu ni inchi 38. Nikiunganisha bila vyuma inapanda hadi 39 na robo. Nikikaza inarudi 38 na nusu. Siku nikikuta 39, najua kuna kitu kizito kimehamia mbele au pingili ya mnyororo wa kukazia vyuma imerukwa, na siondoki mpaka nikione.

Pima upya ukibadilisha trela, gari, au betri kubwa, mtoto mwingine akizaliwa, au ukianza kubeba baiskeli. Risiti zangu tatu za Walcott, pamoja na ile ya nne ya asubuhi yake, nimezigandisha ndani ya mlango wa kabati la trela, pembeni nimeandika kwa wino mwekundu vikomo vyote na neno moja la mke wangu kwa watoto: tangi la maji litazamwe kabla ya kuwasha gari. Mtoto wa kati ndiye mwenye kazi hiyo. Anatazama geji, anarudi, ananiambia, "Baba, ni tupu," ndipo nawasha.